Shajara ya mradi: mazoezi ya mwanzo ya rababu kwa Kiswahili

Wiki ya 1. Ala yenyewe

Kazi ni kitini kimoja chenye mazoezi 14. Kinamchukua mtu siku ya kwanza anapoipakata rababu, kinamfikisha kwenye naghma fupi (kipande cha ala, kisichoimbwa) ya raga ya Bairami (raga ni ngazi ya sauti yenye mwendo wake) aipige bila kukwama katikati. Rababu tunayoisema ni ya Wapashtuni, ya Kabul na Peshawar, ile inayopigwa kwenye hujra, baraza ya wanaume na wageni wao, ikifuatana na mangay, mtungi wa udongo unaogongwa kama ngoma. Wasemao Kidari huiita rubab, Wapashtuni huiita rabab. Tumeshika tamko la Kipashto.

Jina linahitaji onyo. Msomaji aliyeko Muscat akisikia rababa atakumbuka ala ya Mabedui yenye uzi mmoja, inayokunwa kwa uta kama fidla. Hii haikunwi, hudonolewa. Jamaa yake wa karibu katika pwani yetu ni gambusi, ambayo wengine huiita kibangala: nayo huchongwa katika gogo moja na kuwambwa ngozi. Tofauti kubwa ni wingi wa nyuzi. Rababu huchongwa katika mti wa mforsadi, tumbo lake limebanwa kiunoni, sehemu ya chini imewambwa ngozi ya mbuzi na sehemu ya juu imefunikwa kwa ubao. Ina nyuzi 3 za kupigia wimbo, zamani za utumbo na sasa za nailoni. Nyuzi 2 au 3 ndefu za mvumo, yaani za sauti isiyobadilika chini ya wimbo. Na chini yake waya nyembamba za chuma, mara nyingi kati ya 13 na 15, ambazo hazipigwi bali huitika zenyewe. Waya hizo tumeziita nyuzi za mwangwi.

Kwa nini Kiswahili, na kwa nini sasa? Wapashtuni wengi wanafanya kazi Dubai, Sharjah na miji mingine ya Ghuba, na huko Waswahili wanaishi nao mlango kwa mlango. Ala inaonekana, hata kununuliwa, lakini mafunzo hayapo kwa lugha yetu. Halafu walimu wenyewe wametawanyika. Tangu Agosti 2021 Taliban wamezuia muziki Afghanistan, na Taasisi ya Taifa ya Muziki ya nchi hiyo imehamia Ureno. Desemba 2024 UNESCO iliandika ufundi wa kutengeneza na kupiga rubab katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa niaba ya Afghanistan, Iran, Tajikistan na Uzbekistan. Mwanafunzi wa leo atajifunza akiwa peke yake na simu yake. Kitini lazima kimpe njia ya kujua amekosea hata kama hakuna mtu wa kumwambia. Hilo ndilo tunalipimia kila zoezi.

Wiki ya 2. Kulinganisha nyuzi

Nyuzi 3 za wimbo tumeziita N (mnene), K (wa kati) na M (mwembamba). M ndio ulio karibu zaidi na sakafu ukiwa umepakata ala. Zinapishana kwa hatua ya nne, yaani nusu toni tano: N ni C, iliyo oktava moja chini ya C ya katikati ya kinanda, K ni F, M ni B flati. Kwenye rababu ndogo C hulegea mno na kukosa mwili. Hapo pandisha zote kwa toni nzima: D, G, C. Umbo la vidole halibadiliki.

Sauti za ngazi huitwa Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni. Majina haya yalifika Kabul na wanamuziki wa Kihindi walioitwa na Amiri Sher Ali Khan, mtawala wa Afghanistan, katika miaka ya 1860, wakakaa mtaa wa Kharabat. Kwa msomaji aliyeimba kwaya kanisani au shuleni hakuna jipya: Sa ni do, Re ni re, Ga ni mi, Ma ni fa, Pa ni so, Dha ni la, Ni ni ti. Na Sa, kama do ya kwaya, huhama. Hapa tumeiweka kwenye N ukiwa wazi.

Unene wa nyuzi tulioandika kitinini, kwa ala yenye sm 65 kutoka mfupa wa shingoni (unaopitisha nyuzi kuelekea vigingi) hadi darajani (kibao kinachoinua nyuzi juu ya ngozi): N mm 1.2, K mm 0.9, M mm 0.7. Mshipi wa kuvulia samaki unafaa kabisa, na unene wake huandikwa kwenye pakiti yake. Chagua mshipi mgumu. Ule laini unaonyooka kama mpira hautulii hata baada ya wiki. Hata ulio mgumu, siku 3 au 4 za kwanza utashuka kila baada ya dakika chache. Asilaumiwe aliyeufunga, nailoni ndivyo ilivyo. Uvute kwa kiganja katikati, taratibu, mara tano, kisha ulinganishe tena.

Kigingi, kijiti cha kukazia uzi, kikiteleza hupakwa chaki, kilichokwama husuguliwa na sabuni kavu ya kipande. Kidogo tu. Usizungushe kigingi bila kukisukuma ndani kwa wakati huohuo, kwa sababu kinashikwa na msuguano peke yake.

Nyuzi za mvumo tumezilinganisha Sa na Pa. Nyuzi za mwangwi zinafuata ngazi ya raga, kuanzia ile ndefu kwa sauti ya chini hadi ile fupi kwa sauti ya juu. Hizi ndizo hukatika. Sababu yake karibu kila mara ni moja: mtu anazungusha kigingi cha waya mmoja huku anasikiliza mwingine. Kabla ya kuzungusha, fuata waya kwa kidole kutoka darajani hadi kwenye kigingi chake, uudonoe, uhakikishe ni huohuo.

Wiki ya 3 hadi ya 5. Mkono wa kulia unatangulia

Rasimu ya kwanza ilianza na ngazi: mkono wa kushoto unatafuta parda (vizuizi vya shingoni vinavyogawa noti), wa kulia unafuata. Tumeibomoa. Mwanafunzi aliyeanza hivyo hukazia macho vidole vya kushoto, mkono wa kulia unajikunja upendavyo, na mwezi wa pili anakuta kila noti inatoka kwa nguvu tofauti. Rababu ni ala ya ngozi. Inaitika kama ngoma, kwa hiyo kila kosa la mkono wa kulia husikika waziwazi, wakati kosa dogo la kushoto linaweza kujificha. Sasa mazoezi 4 ya kwanza hayamgusishi mtu parda hata moja.

Mkao: kaa chini miguu umeikunja, kiuno cha rababu juu ya paja la kulia. Tumbo la ala ni nene na la mviringo, hivyo hutaka kubingirika kwenda mbele. Lizuie kwa kiwiko na sehemu ya ndani ya mkono wa kulia, siyo kwa mkono wa kushoto. Jaribio: uachie mkono wa kushoto kabisa. Ala ikitulia, umekaa vizuri. Ikianguka, mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi ya kubeba, na mkono unaobeba hauwezi kutembea.

Kipigio huitwa shahbaz. Huwa cha mti, pembe au mfupa. Ukikosa, chonga cha kifuu cha nazi, chenye unene wa mm 2 hadi 3, ukingo usuguliwe kwa msasa mpaka usikwaruze ukucha. Si kubahatisha: sarod ya Kihindi, ambayo asili yake ni rababu, hupigwa mara nyingi kwa kifuu. Shika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ncha ijitokeze kama mm 5. Ikijitokeza zaidi, inachimba chini ya uzi na kunasa wakati wa kurudi juu.

Zoezi la 1: uzi M wazi, pigo la chini pekee, metronomu (kigonga hesabu, hata cha simu) kwenye 60 kwa dakika, pigo moja kila hesabu, dakika 3. Tumechagua M kwa sababu chini yake hakuna uzi mwingine, kwa hiyo mkono unaweza kuanguka wote bila hofu. Pigia juu ya ngozi, upana wa vidole vitatu kutoka darajani. Karibu zaidi na daraja sauti inakuwa ya puani. Mbali zaidi inalegea, na kipigio kinagonga ngozi. Kifundo cha mkono kimejikunja na ndicho kinachosogea. Kiwiko kikianza kupanda na kushuka, sauti inakuwa nzito na baada ya dakika moja bega linauma. Maumivu ya bega ndiyo dalili ya kuaminika, ukiyasikia, simama.

Zoezi la 2: hivyohivyo kwenye K. Hapa tatizo jipya linazuka, kipigio kinapita K na kugusa M. Usijitibu kwa kupiga kwa woga. Punguza mwendo wa mkono, nguvu ibaki. Mazoezi mengi ya wanaoanza huharibikia hapa, kwa sababu anayeogopa uzi wa jirani hujifunza sauti dhaifu, na sauti dhaifu haiziamshi nyuzi za mwangwi.

Zoezi la 3: chini na juu kwa kupokezana, metronomu 50, mapigo 2 kwa kila hesabu, mapigo 16 kisha pumzi ya hesabu 4. Pigo la chini lina msaada wa uzito wa mkono, la juu halina. Usawa kamili hautafutwi. Katika rababu pigo la chini linatakiwa liwe bwana. Kinachotafutwa ni la juu lisikike wazi na lije kwa wakati wake. Jirekodi kwa simu, weka simu mezani, sikiliza ukiwa umefumba macho. Ukisikia mwendo wa kuchechemea, moja ndefu moja fupi, kipigio kimezama sana. Kirudishe kwenye mm 5.

Zoezi la 4: nyuzi wazi, N K M K, chini chini chini chini, metronomu 60. Halafu N N K K M M K K. Mwisho N K M K ukiwa umefumba macho.

Mazoezi haya manne tumeyapa siku 14, dakika 20 kwa siku. Waliojaribu rasimu walilalamika kuwa ni mengi. Tumeyaacha yalivyo. Anayetaka kusikia sababu amsikilize Ustad Mohammad Omar (1905–1980), aliyeongoza kizazi kizima cha wapigaji Kabul na kufundisha Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1974. Tamasha lake la Novemba mwaka huo, Zakir Hussain akiwa kijana kwenye tabla (ngoma mbili za Kihindi), lilirekodiwa na kuchapishwa na Smithsonian Folkways. Usifuate wimbo mara ya kwanza. Fuata mkono wa kulia tu.

Wiki ya 6. Parda

Parda ni vizuizi vya shingoni, nyuzi zilizofungwa kuzunguka shingo. Ziko 4 na kila moja ni nusu toni. Uzi wazi na parda 4 vinakupeleka nusu toni moja kabla ya uzi unaofuata, kwa hiyo hakuna noti inayokosekana kati ya N na M. Ni mpango mzuri sana, na ndio unaofanya rababu ijifunzike upesi kuliko inavyotisha kwa macho.

Kwa kuwa zimefungwa tu, parda husogea. Kitini sasa kina vipimo. Pima kutoka mfupa wa shingoni hadi daraja, gawa kwa 17.817, hiyo ni nafasi ya parda ya kwanza. Chukua urefu uliobaki, gawa tena kwa 17.817, upate umbali wa kutoka parda ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo. Kwa sm 65 parda zinakaa sm 3.6, 7.1, 10.3 na 13.4 kutoka mfupani.

Jambo moja limetuchukua siku kadhaa. Ukifuata vipimo hivi, Ga (N kwenye parda ya 4) inasikika juu kidogo dhidi ya mvumo wa Sa na Pa. Sikio halikosei: Ga safi iko chini ya ile ya programu ya simu ya kulinganishia kwa takriban senti 14, yaani sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni. Kwa ala ya sm 65 hiyo ni kusogeza parda kama mm 4 kuelekea mfupani. Dha, iliyo kwenye parda hiyohiyo katika K, nayo inanufaika. Lakini parda hiyohiyo kwenye M ndiyo Re ya juu, na Re haitaki kushushwa. Tumekubaliana mm 2, nusu ya njia. Ga inatulia, Re haiumii sana. Mtu akizoea ataamua mwenyewe.

Kabla ya kusogeza parda, angalia kidole. Uzi wa nailoni ukibanwa kwa nguvu nyingi hupanda wenyewe. Weka ncha ya kidole mm 3 hadi 5 nyuma ya parda, upande wa mfupa, na ubane kiasi cha kutosha sauti isikorome. Ukibana katikati ya parda mbili utahitaji nguvu maradufu na noti itapanda.

Zoezi la 5: N wazi, parda 2, parda 4, parda 2. Huandikwa N0 N2 N4 N2.

Wiki ya 7. Vidole

Tulijaribu utaratibu wa gitaa, kidole kimoja kwa kila parda. Haufai. Kutoka parda ya 1 hadi ya 4 kuna karibu sm 10, na mwanafunzi anapanua kiganja mpaka dole gumba linaganda nyuma ya shingo. Sasa: shahada kwa parda 1 na 2, kidole cha pete kwa 3 na 4. Mkono unateleza, haunyooshwi.

Wiki ya 8 na ya 9. Ngazi, na nyuzi za mwangwi kama msahihishaji

Zoezi la 6 ni ngazi ya Bilawal, ambayo ni do re mi ya kawaida:

N0 N2 N4 | K0 K2 K4 | M1 M2

Panda, shuka, kila noti hesabu 2, kisha hesabu 1. Makosa hutokea mahali pamoja, M1. Vidole vimezoea 0 2 4, na kwenye uzi wa tatu umbo linabadilika ghafla. Rudia K4 M1 M2 M1 K4 peke yake mara 20 kabla ya kupiga ngazi nzima.

Zoezi la 7 ni tatutatu: Sa Re Ga, Re Ga Ma, Ga Ma Pa, Ma Pa Dha, Pa Dha Ni, Dha Ni Sa. Noti 18, zinaingia sawasawa mara 3 katika dadra, mdundo wa hesabu 6. Zoezi la 8 ni nnenne: Sa Re Ga Ma, Re Ga Ma Pa, kuendelea hadi Pa Dha Ni Sa. Hizo ni noti 20, sawa na mizunguko 5 ya geda, mdundo wa hesabu 4. Ukizihesabu kwenye tintal ya hesabu 16 utamaliza kwenye hesabu ya 4 ya mzunguko wa pili na kujiona umepotea. Hujapotea, noti ndizo zimezidi.

Zoezi la 9 ndilo tunalolithamini kuliko yote kitinini. Kata vipande vya karatasi nyembamba vyenye urefu wa sm 1, vikunje katikati kama paa la nyumba, uvipandishe juu ya nyuzi za mwangwi zinazofikika. Sasa piga Pa kwenye K2, pigo moja kubwa. Karatasi iliyo juu ya waya wa Pa itacheza, pengine hata kudondoka. Zingine zitatulia au kutikisika kidogo tu. Ikiwa hakuna iliyocheza, mojawapo ya mambo matatu si sawa: waya haujalinganishwa, parda imesogea, au pigo ni dhaifu. Kujua ni lipi, donoa waya wenyewe na upime kwa simu. Ukiwa sahihi, pima K2. Ikiwa sahihi pia, rudi zoezi la 2.

Baada ya wiki moja karatasi hazihitajiki. Sikio linatambua noti iliyofunguka, yenye mng'ao unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka, na noti iliyozibika. Ndiyo njia tuliyokuwa tukiitafuta tangu wiki ya 1: ala yenyewe inamwambia mwanafunzi. Kwa hiyo tumepitia mazoezi yote upya na kuongeza mstari mmoja chini ya kila moja, "sikiliza uitikio wa noti hii," tukitaja noti.

Zoezi la 10 ni Bairami, ambapo Re, Ga, Dha na Ni zimeshushwa nusu toni:

N0 N1 N3 | K0 K2 K3 | M0 M2

Kwa vidole ni rahisi kuliko Bilawal, maana Ni inapatikana kwenye M wazi. Kwa masikio ni ngumu, na kazi iko kwenye waya. Ala yenye nyuzi 15 za mwangwi zilizopangwa oktava mbili ina waya 8 za kushusha, yaani noti 4 mara 2. Shusha kidogo chini ya unapotaka kisha panda hadi mahali pake; waya ulioshushwa moja kwa moja hubaki umelegea kwenye kigingi na utaendelea kuteremka ukipiga. Anayeruka hatua hii, akapiga Bairami juu ya waya za Bilawal, atasikia ala imekuwa bubu kwenye noti nne, naye atadhani ameharibu kitu.

Wiki ya 10. Unyevu

Hili halikuwa kwenye mpango, limeingia kwa lazima. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu. Pwani ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja wakati wa masika ngozi hulegea, daraja linazama pamoja nayo, nyuzi zinasogea karibu na parda, na M inaanza kukoroma kwenye parda 1 na 2. Ghuba, ndani ya chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, mambo huwa kinyume: ngozi inakaza, daraja linapanda, kubana kunakuwa kazi na noti zote zinapanda.

Wenye mazoea ya ngoma watataka kuikausha kwa moto. Rababu isikaushwe hivyo. Ngoma ina mzinga mnene na kambaa. Rababu ina mbao nyembamba na ngozi iliyoshikwa kwa gundi, na joto la ghafla hupasua mbao au kubandua ukingo. Jua nalo vivyo hivyo. Ihifadhi ndani ya mfuko wake pamoja na vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu na simu, vinne au vitano, na uvibadilishe vikichoka. Kwenye kiyoyozi, usiiweke njia ya upepo. Ukiwa unaiacha kwa zaidi ya wiki moja, legeza N, K na M kwa toni moja. Usilegeze waya za mwangwi, zitakuchukua saa nzima kuzirudisha.

Kukoroma kukibaki hata siku kavu, usikimbilie kuinua daraja. Kagua kwanza kama parda imefumuka fundo, kisha kama uzi umechimba mfereji mfupani.

Wiki ya 12. Barchak

Waya mfupi kuliko zote za mwangwi hupitishwa juu ya kijinundu darajani, ukainuka kuliko wenzake ili kipigio kiweze kuufikia peke yake. Huo ndio barchak, mvumo wa juu, nasi tumeulinganisha Sa. Kuuchomeka kati ya noti za wimbo, kwa mipangilio inayopishana na mdundo, ndiyo sanaa iitwayo parandkari, na ndiyo sauti ambayo mtu akiisikia mara moja anaitambua rababu popote.

Zoezi la 11 linagusa mlango wake tu. W ni noti ya wimbo, b ni barchak:

W b b W b b W b

Mapigo 8, yamegawika 3, 3, 2. Yahesabu kwa sauti: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. W zote ni Sa, N0, pigo la chini, zenye uzito. Anza metronomu 60 kwa kila pigo moja, wala usizidi 100 mpaka uweze kuongea huku unapiga. Tulichokiona kinaharibika: b zinakuwa na nguvu kuliko W, kwa sababu waya wa chuma una sauti kali kuliko nailoni. Barchak ipapaswe tu. Kosa jingine ni kulegea kwa 2 ya mwisho, ikageuka 3, na mzunguko ukawa na mapigo 9. Piga mguu chini kwenye kila W ya kwanza, utalinasa.

Zoezi la 12 ni kupita mwisho wa parda. Kwenye M, baada ya Re ya parda ya 4 hakuna kizuizi tena, kidole kinatua juu ya ubao mtupu. Kwa ala ya sm 65 Ga ya juu iko sm 19 kutoka mfupani, Ma sm 21.6, Pa sm 26.4. Tumeshauri alama ndogo za penseli pembeni, zifutwe baada ya mwezi. Telezesha kidole cha pete kutoka parda ya 4 hadi Ga na ungoje waya uitike, ukiitika, umefika. Bana kwa ncha kabisa ya kidole, maana nyama laini huzima sauti mahali pasipo na parda.

Wiki ya 14. Naghma

Naghma ya mazoezi tumeitunga wenyewe, ya Bairami, katika geda. Naghma za Kabul zina sehemu zenye majina. Tumetumia mbili, astai na antara. Kistari ni kuiacha noti iendelee kulia hesabu moja.

Astai:
K0 – N3 N1 | N0 – N1 N3 | K0 K2 K0 N3 | N1 – N0 –

Antara:
K2 – K3 M0 | M2 – M0 K3 | K2 K3 K2 K0 | N3 N1 N0 –

Zoezi la 13 ni astai peke yake, metronomu 60, mapigo yote ya chini. Pagumu ni K0 kwenda N3, mara mbili: kipigio kinapanda uzi mmoja wakati huohuo kidole cha pete kinashuka. Weka kidole kwenye N3 mapema, K0 ikiwa bado inalia. Ni uzi mwingine, hakitaizima. Katika antara pagumu ni M0 kwenda K3, kwa sababu kiganja kilichotoka M2 kikirudi ovyo huigusa M iliyo wazi na kuinyamazisha.

Zoezi la 14 ni sehemu zote mbili, astai mara 2, antara mara 1, astai tena. Zikishatulia kwenye 80, jaza barchak mahali pa vistari. Viko 7 kwa jumla, 4 katika astai na 3 katika antara. Hapo ndipo tungo hii ndogo inapata sura ya kirababu, bila noti hata moja ya wimbo kubadilika.

Hali ilivyo sasa

Mazoezi yote 14 yameandikwa, vipimo vya parda vimehakikiwa kwa ala za sm 62 na sm 65. Zoezi la Mogholi, mdundo wa hesabu 7 uliogawika 3, 2, 2, tumeliondoa kwenye kitini hiki. Kila aliyelijaribu kabla ya kumudu zoezi la 11 aliongeza hesabu ya nane bila kujua. Litaenda kitini cha pili. Rekodi za sauti zimekamilika hadi zoezi la 10, kila moja kwa mwendo wa 50 na wa 80. Zilizobaki zinangoja M mpya itulie. Imefungwa juzi na bado inashuka.